Betri Mbili Mbele ya Trela: Pima Kwanza, Nunua Baadaye

Kila theluji inapoyeyuka na watu wakaanza kufunua matrela yao, swali huja lile lile, liwe limetoka Minnesota, Texas au Ontario. "Trela letu la kusafiria lilikuja na betri moja. Usiku wa pili porini taa zinafifia, hita inazima saa tisa usiku, watoto wanatetemeka. Nifungeje betri ya pili pale mbele?"

Kazi yenyewe inawezekana, na kwa mtu anayejua kushika spana haizidi siku moja. Ugumu wake hauko kwenye betri, wala si kwenye nyaya. Uko kwenye nafasi. Ile fremu ya mbele yenye umbo la herufi A, inayotoka chini ya trela hadi kwenye mpira wa kiungio, tayari imebeba mitungi ya gesi, jeki, minyororo ya usalama, waya wa breki na pengine vyuma vya kusawazisha uzito. Betri ya pili ni mgeni anayeingia chumba kilichojaa. Wengi hununua betri kwanza, kisha ndipo wanapogundua kwamba mfuniko haufunguki.

## Je, unaihitaji kweli?

Ukilala kwenye kambi zenye soketi ya umeme ya ampea 30 au 50, betri ya pili ni mzigo tu. Konveta ya trela, ile inayogeuza umeme wa soketi kuwa volti 12, inalisha taa na feni moja kwa moja, na betri inakaa pale kama akiba. Mambo hugeuka unapolala pasipo na soketi: ardhi za umma za Arizona, misitu ya taifa, na hata hifadhi maarufu. Yellowstone nzima ina kambi moja tu yenye umeme wa kuchomeka, nayo ni Fishing Bridge. Grand Canyon, upande wa kusini, umeme uko Trailer Village. Ukipata nafasi Mather, jua kwamba unategemea betri yako.

Piga hesabu ya usiku mmoja kabla ya kutoa pesa:

- Feni ya hita kubwa hula kama ampea 7. Usiku wa baridi wa saa 10, ikizunguka nusu ya muda, hiyo ni ampea-saa 35.
- Friji la gesi hula kidogo sana, ni ile kadi yake ya umeme tu. Friji jipya la compressor la volti 12 ni habari nyingine: linaweza kumaliza ampea-saa 50 au zaidi kwa siku.
- Pampu ya maji hula nyingi lakini kwa dakika chache. Taa za LED usizihesabu sana.

Betri moja ya kawaida inayokuja na trela ina ampea-saa 75 hivi, na kwa betri ya risasi unashauriwa kutumia nusu tu. Kwa hiyo una kama 37. Sasa unaona kwa nini hita hufa kabla ya jogoo.

## Betri zipi?

Ziko njia tatu, na mimi nina upande wangu.

Mbili za volti 12, sambamba. Chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Volti hubaki 12, uwezo huongezeka maradufu. Ukubwa unaoitwa Group 24 hutoa jumla ya ampea-saa 150 hivi. Faida yake ni kwamba moja ikifa njiani, unaitoa na kuendelea na nyingine.

Mbili za volti 6 za magari ya gofu, mfululizo. Chanya ya moja inaungwa na hasi ya nyingine, unapata volti 12 na ampea-saa 210 hadi 230. Sahani zake za risasi ni nene na huvumilia kushushwa na kujazwa mara nyingi. Chini zinakaa karibu nafasi ile ile ya Group 24 mbili: kila moja ni kama sentimeta 26 kwa 18. Tofauti iko juu, kwa sababu hufika karibu sentimeta 28, yaani zinazidi zile nyingine kwa sentimeta 5 hivi. Kwa anayelala porini mara kwa mara na hataki kutumia pesa nyingi, hizi ndizo ninazozipendekeza.

Lithiamu. Nyepesi sana: ya ampea-saa 100 ina kilo 11 hadi 14, na unaweza kutumia karibu zote. Lakini haipaswi kuchajiwa ikiwa chini ya nyuzi 0 za Selsiasi, na pale mbele ya trela ndipo upepo wa baridi unapopiga. Betri za lithiamu zenyewe hazitoi gesi kama za risasi, kwa hiyo mahali pake panapofaa ni ndani, kwenye sehemu ya kuhifadhia mizigo. Ukiamua lithiamu, sehemu kubwa ya makala haya haikuhusu. Angalia kwanza kama konveta yako ina mpangilio wa kuzichaji.

Vyovyote utakavyochagua, nunua mbili kwa pamoja, za aina moja, uwezo mmoja na umri mmoja. Najua utauliza: "Hii ya zamani bado nzima, si niongeze moja tu?" Usifanye hivyo. Betri iliyochoka itakuwa inanyonya ile mpya usiku na kuchelewesha kujaa kwake mchana. Baada ya msimu utakuwa na mbili zilizochoka.

## Chukua futi, nenda mbele ya trela

Hapa ndipo ninapotaka utumie muda mrefu kuliko pengine popote. Kata boksi la karatasi ngumu liwe na vipimo kamili vya betri zako mbili pamoja na kasha lake, liweke mahali unapofikiria, kisha jiulize haya:

1. Mfuniko utafunguka? Kasha la betri hufunguliwa kwenda juu. Kama limebanwa kati ya mitungi na ukuta wa mbele, utalazimika kung'oa mitungi kila unapotaka kuongeza maji.
2. Mtungi wa gesi utatoka? Mtungi nao hunyanyuliwa wima. Hakikisha mipira ya gesi haipindiki wala kusugua kasha.
3. Jeki inazunguka? Jeki ya mkono inahitaji nafasi ya mpini kufanya mzunguko kamili. Watu hupima jeki ikiwa imesimama na kusahau mpini.
4. Vyuma vya kusawazisha uzito vinakaa wapi? Mabano yake hufungwa kwenye fremu, mara nyingi sentimeta 70 hadi 80 nyuma ya mpira. Kitako cha betri kikikaa hapo hapo, vyuma hivyo havitaingia.
5. Mlango wa nyuma wa pikapu. Unganisha trela, nenda uwanja mtupu, kata kona kali kulia na kushoto, mtu mwingine akitazama. Kisha shusha mlango wa pikapu. Je, unagonga kasha?

La tano ndilo linaloleta hasara ghali zaidi, maana mlango wa pikapu una bei kubwa kuliko betri zote mbili.

Mahali panapofaa mara nyingi ni nyuma ya mitungi, karibu na ukuta wa trela, ambapo herufi A ni pana. Ikishindikana, watu wengine huisogeza mitungi mbele kidogo. Ukifanya hivyo kumbuka bomba la gesi: lisivutwe, na baada ya kazi pima viungo vyote kwa povu la sabuni.

## Uzito unaotua kwenye mpira

Kwa trela la kusafiria, uzito unaokandamiza kiungio unatakiwa uwe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote wa trela. Ukipungua, trela huyumba barabarani. Ukizidi, sehemu ya nyuma ya gari hulala na usukani huwa mwepesi.

Betri mbili za gofu zina kilo 56 hadi 60. Ukitoa ile ya zamani ya kilo 22, unaongeza kama kilo 36. Si zote zinazotua kwenye mpira, kwa sababu sehemu hubebwa na magurudumu. Tuseme toka mpira hadi ekseli ni mita 4.5, na betri ziko mita 1 nyuma ya mpira: basi kama robo tatu na zaidi kidogo ya uzito huo, kilo 28, ndiyo inayotua mbele.

Kilo 28 si nyingi kwa pikapu kubwa. Kwa gari la familia lenye kibandiko kinachosema mwisho ni pauni 500, yaani kilo 227, na trela ambalo tayari linakandamiza kilo 215, umevuka. Soma kibandiko kwenye kiungio cha gari, kisha pitia mizani ya malori na trela likiwa na mizigo yake. Ndugu zetu wengi wanaoendesha malori wanazijua mizani hizo kuliko mimi.

Umevuka kidogo? Hamisha kitu kutoka sehemu ya mizigo ya mbele kwenda karibu na ekseli. Usihamishe mpaka nyuma kabisa, maana hapo unaanza kutengeneza kuyumba.

## Kitako cha chuma

Kasha la plastiki na mkanda wake si kitako. Mkanda ule umetengenezwa kuzuia betri isirukeruke, wala hauwezi kubeba kilo 60 juu ya mashimo ya barabara.

Mpango ninaoupenda ni vyuma viwili vya pembe, milimita 50 kwa 50 na unene wa milimita 5, vilivyolazwa kukatiza fremu kutoka mkono mmoja wa A hadi mwingine. Juu yake linakaa sinia la chuma, na ndani ya sinia kasha. Vyuma hivyo vifungwe kwa bolti za umbo la U zinazokumbatia fremu, na nati za kujifunga ambazo hazilegei kwa mtikisiko. Paka rangi ya kuzuia kutu kila ulipokata.

Nyumbani Dar es Salaam ungekwenda mtaa wa Gerezani, fundi angekuchomelea kitako unamsubiri. Marekani na Kanada mafundi wa kuchomelea wapo, lakini saa yao ni ghali, na ndiyo maana bolti zinashinda. Wanaoamua kuchomelea wazingatie haya:

- Toa mitungi ya gesi na uipeleke mbali. Kufunga koki peke yake hakutoshi.
- Toa betri zote na uchomoe trela kutoka kwenye gari na kwenye soketi.
- Angalia nyaya na bomba la gesi vinavyopita ndani au chini ya fremu. Mara nyingi viko sentimeta chache tu kutoka pale moto utakapopiga.
- Tafuta fundi aliyewahi kuchomelea fremu za trela. Hiki ndicho chuma kinachovuta nyumba yako barabarani kwa kilomita 100 kwa saa.

Na kutoboa? Epuka kabisa ubapa wa juu na wa chini wa fremu, kwa sababu ndizo sehemu zinazobeba mvutano. Kama hakuna njia nyingine, toboa katikati ya ubavu, tundu dogo linalotosha bolti. Bolti za U zinakuepusha na mjadala huu wote.

## Mtego wa waya mweusi

Simama hapa kidogo, hata kama umefunga betri za magari maisha yako yote.

Kwenye gari, waya mweusi ni hasi. Kwenye matrela mengi ya Marekani Kaskazini, waya mweusi unaotoka ndani ya trela ni chanya, na mweupe ndio hasi. Fundi wa magari mwenye uzoefu hufika, huona mweusi, huupeleka kwenye hasi bila kufikiri. Cheche moja, na fyuzi za kulinda konveta zinakatika. Hizo huwa kwenye sanduku la fyuzi ndani ya trela, mara nyingi mbili za ampea 30 au 40, na kazi yake ni hiyo: kufa ili konveta ipone. Zikishakatika, betri haichajiwi tena na konveta, na mtu hukaa wiki nzima akilaumu betri mpya.

Kwa hiyo usiamini rangi. Kabla ya kung'oa betri ya zamani, piga picha, kisha funga utepe mwekundu kwenye kila waya unaokwenda chanya, na zinaweza kuwa nne au tano. Waya uliofungwa kwenye chuma cha fremu ndio hasi. Kama nyaya zilishang'olewa na hujui ipi ni ipi, zitenganishe zisigusane, chomeka trela kwenye umeme, pima kwa mita: konveta itaonyesha volti 13 na zaidi, na mita ikionyesha alama ya kutoa, umeshika kinyume.

## Nyaya, fyuzi na swichi

Kebo fupi za kuunganisha betri mbili ziwe nene: namba 4 kwa kipimo cha Marekani, au namba 2 ukiweza. Ukiwa na inveta kubwa unahitaji nene zaidi ya hizo, kadiri ya maelekezo ya inveta yenyewe.

Kwa betri zilizo sambamba, nyaya za trela zisikae zote kwenye betri moja. Chukua chanya kutoka betri ya kwanza na hasi kutoka ya pili. Hivyo zote mbili hufanya kazi sawa. La sivyo ile ya karibu huchoka mapema.

Weka fyuzi au kikata umeme kwenye waya mkuu wa chanya, karibu na betri kadiri inavyowezekana. Matrela mengi huja na kidude kidogo cha namna hiyo kwenye fremu. Usikiache nje ya njia mpya. Waya wa chanya unaopita kwenye kona ya chuma bila fyuzi na bila bomba la kuukinga ni moto unaosubiri siku yake.

Swichi ya kuzima betri ni nzuri wakati wa kuhifadhi trela, lakini waya mmoja usipite kwenye swichi hiyo: ule wa breki ya dharura. Kile kijikebo chembamba kinachofungwa kwenye gari huvuta pini trela likichomoka, na breki za trela hujifunga kwa umeme wa betri. Ukiupitisha kwenye swichi na ukasahau kuiwasha, trela lililochomoka halina breki. Waya huo uende moja kwa moja kwenye betri.

## Siku ya kufunga

Vua pete, saa na mkufu. Vaa miwani ya kinga na glavu. Weka karibu magadi ya kuokea na maji, ambayo huua asidi ikimwagika.

1. Zuia magurudumu. Chomoa trela kwenye soketi na kwenye gari. Funika paneli za sola au zitenganishe. Funga koki za gesi.
2. Toa hasi kwanza, kisha chanya. Ukianza na chanya, spana ikigusa fremu unapata shoti.
3. Funga kitako, sinia na kasha. Litikise kwa nguvu zako zote: trela litikisike, kasha lisicheze.
4. Weka betri ndani. Kwa za volti 6, unganisha kebo moja tu kati yake, chanya ya hii na hasi ya ile. Sasa pima kwenye vichwa viwili vilivyobaki. Unatafuta kama 12.7. Ukiona 6, umepima betri moja. Usiendelee mpaka namba ikubaliane.
5. Funga nyaya zote za chanya, kisha za hasi mwishoni. Cheche ndogo kwenye hasi ya mwisho ni kawaida. Kubwa si kawaida.
6. Jaribu taa, pampu, jeki ya umeme. Kisha liunge trela kwenye gari bila kuchomeka plagi, ondoa vizuizi vya magurudumu, vuta pini ya breki ya dharura, jaribu kulisogeza trela kidogo, na urudishe pini mara moja.
7. Chomeka trela kwenye umeme, pima tena kwenye betri. Volti zikipanda juu ya 13, konveta inachaji.

Kasha la betri za risasi lisizibwe. Zinapochajiwa hutoa haidrojeni, gesi nyepesi inayopanda na kulipuka kwa cheche. Gesi ya mitungi nayo ni nzito kuliko hewa, hushuka na kutambaa chini. Uko kati ya hizo mbili, kwa hiyo matundu ya mfuniko yabaki wazi, na sigara ibaki mfukoni.

## Yanayobishaniwa

*"Nitachaji tukiwa safarini."* Kidogo tu. Waya wa chaji kwenye plagi ya pini 7 ni mwembamba na mrefu. Volti hupotea njiani. Saa nne za barabarani hazitajaza betri mbili zilizofika nusu.

*"Betri mbili zitachaji haraka."* La. Chaja ni ile ile, tangi limekuwa kubwa. Konveta za zamani zinazotoa volti 13.6 muda wote huchukua siku nzima na zaidi.

*"Si bora nifunge sola tu?"* Sola hujaza, haihifadhi. Hita inafanya kazi usiku.

## Wezi, maji na baridi

Betri za mbele ni rahisi kuibwa. Chuma kinachopita juu ya kasha chenye kufuli kinachelewesha mwizi vya kutosha.

Betri za maji zikague kila mwezi wakati wa msimu. Ongeza maji safi ya betri yasiyo na asidi, na ongeza baada ya kuchaji, wakati yameshapanda. Kabla ya kuchaji ongeza tu kama sahani zimeonekana. Pima volti baada ya betri kupumzika saa kadhaa bila chaji wala matumizi: 12.7 imejaa, 12.1 iko nusu, na hapo ndipo pa kuwasha jenereta.

Majira ya baridi, betri iliyojaa haigandi hata kwenye baridi kali ya Minnesota. Iliyoisha chaji huganda nyuzi chache tu chini ya sifuri, ikapasuka. Kwa hiyo jaza, ng'oa hasi, na kila mwezi pima. Ikishuka karibu na 12.4, ichaji tena. Wenye gereji waziingize ndani, sehemu yenye hewa, mbali na hita yenye moto.